New START imekwisha: vichwa vinaongezwa haraka kiasi gani?

Mdadisi
Wakuu, New START, mkataba wa Marekani na Urusi uliowekea kikomo silaha zao za nyuklia za masafa marefu, iliruhusiwa kurefushwa mara moja tu, na ile miaka mitano ya nyongeza ilifika ukingoni tarehe 5 Februari 2026. Kila ninaposoma nakuta "kikomo cha vichwa vya nyuklia 1,550 kimeondoka", basi, habari inaishia hapo. Marekani au Urusi ikiamua kuvuka idadi hiyo inaanzia wapi? Inatengeneza vipya au inatoa ghalani?

Mirija56
Ghalani. Kikomo kilihusu vichwa vilivyokwisha kufungwa kwenye makombora. Vya akiba havikuguswa.

Kwa Marekani mlango mwepesi ni nyambizi. Kombora lake la Trident II linaweza kubeba hadi vichwa 8, lakini huwekewa pungufu ya hapo, kwa hiyo nyambizi ikirudi bandarini unaongeza pale pale. Halafu kuna mirija ya kurushia makombora: kila nyambizi ya aina ya Ohio ilikuwa na 24, minne ikalemazwa ili kutimiza mkataba. Zipo 14, piga hesabu.

Minuteman III, kombora la ardhini, ni kazi ya jasho. Yapo 400 katika mashimo 450, kila moja na kichwa kimoja ingawa liliundwa kubeba 3. Unakwenda shimo kwa shimo na gari maalumu na walinzi, unafungua mfuniko, unashusha sehemu ya mbele, unapandisha nyingine. Hesabu miaka hapo, usihesabu wiki. Na uzito ukizidi, masafa yanapungua.

Ndege ndiyo kichekesho cha mkataba wenyewe: kila ndege ya mabomu ilihesabiwa kama kichwa kimoja, wakati B-52H inaweza kupakia makombora 20 ya kruzi. Ile 1,550 haikuwa hesabu kamili hata siku moja.

Fundi_Nyutroni
Mkuu hapo juu yuko sahihi, ila watu wanalilia namba wakati kilichokufa mapema zaidi ni ukaguzi. Ulisimama Machi 2020 kwa sababu ya korona na haukurudi tena. Februari 2023 Urusi ikasitisha ushiriki wake.

Ziliruhusiwa ziara 18 kwa mwaka. Wakaguzi wakifika kambini wanapewa orodha ya makombora na idadi ya vichwa kwenye kila moja, kisha wao wenyewe wanachagua la kukaguliwa. Pua ya kombora inaondolewa. Vilivyomo vinakuwa vimefunikwa ili umbo lisionekane, na wakaguzi wanahesabu vifuniko. Mwenyeji akidai kitu fulani si cha nyuklia, kinapimwa kwa kifaa cha kunasa nyutroni.

Setilaiti haiwezi kazi hiyo. Inaliona shimo, haioni kama chini ya pua kuna kimoja au vitatu. Ndipo mpanga mikakati wa kila upande anapoandika kwamba mwenzake ana vitatu, kwa usalama wake, na mwenzake anafanya vivyo hivyo.

Mdadisi
Nimeelewa. Na China? Nasikia ndiyo kisingizio cha kila mtu.

Mirija56
Si kisingizio kitupu. Mwaka 2021 picha za setilaiti zilionyesha mashimo mapya ya makombora Yumen na Hami nchini China, na mwaka 2024 Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, ilikadiria kuwa China ina vichwa zaidi ya 600. Ila shimo si kombora, na New START ilikuwa ya nchi mbili tu.

Fundi_Nyutroni
Kuhusu vichwa vipya: Marekani haina haraka hiyo hata ikitaka. Kiwanda cha Rocky Flats kilichokuwa kikitengeneza viini vya plutoniamu vya ndani ya vichwa kilisimamisha uzalishaji mwaka 1989. Sheria inataka viini 80 kwa mwaka kufikia 2030, na wahusika wamekiri muda huo hawaufikii. Tritiamu, gesi inayokuza nguvu ya mlipuko wa kichwa, nayo inapungua nusu kila baada ya miaka 12.3, kwa hiyo hata kichwa kilicholala ghalani kinahitaji kujazwa upya kabla hakijapanda juu ya kombora. Wengi wanaopiga hesabu za "akiba" wanalisahau hili.

Kilichobaki mezani ni makubaliano ya 1988: upande unaotaka kufanya jaribio la kombora la masafa marefu, la ardhini au la nyambizi, unamjulisha mwenzake angalau saa 24 kabla. Urusi iliposimamisha New START ilisema hilo itaendelea nalo. Taarifa hizo zinamwambia mwenzako jaribio ni lini na litaangukia wapi. Vichwa vingapi vimo ndani ya kombora, hazisemi.