COVID-19: NFS (hesabu ya chembe za damu) na CRP (protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe) zinatosha kumtambua anayeelekea kuzidiwa?

Labo_Bagira: Jambo ndugu. Hapa Bukavu tuna mashine ya NFS inayogawa chembe nyeupe makundi 3 tu, hadubini na CRP. Interlekini-6 (kemikali ya kinga inayochochea uvimbe) hatupimi. Tufanyeje? Na uwiano wa nyutrofili kwa limfositi (aina mbili za chembe nyeupe; ukipanda ni dalili ya kuzidiwa), nitumie granulositi za mashine, yaani kundi lenye nyutrofili ndani yake?

Mulaborantini wa Ibanda: Granulositi hapana, ndugu. Eosinofili, chembe nyeupe zinazopanda kwa minyoo, huchanganyika humo, na wenye minyoo ni wengi. Tengeneza froti (damu iliyotandazwa nyembamba kwenye kioo) ya damu ya EDTA, dawa ya kuzuia kuganda, ndani ya saa 2, upake rangi ya Giemsa.

Watu hukosea wanapohesabu. Nyutrofili hukimbilia kingo na mkia wa froti, limfositi hubaki katikati. Ukihesabu ukingoni peke yake, kila mgonjwa ataonekana mahututi! Anzia ukingoni, ingia ndani, rudi, kama mtu anayepalilia matuta. Hesabu chembe 200: ukiishia 100 na kupata limfositi 10%, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 4 na 18.

Halafu zidisha. Chembe nyeupe 6,000 kwa mikrolita, limfositi 10% ni 600, nyutrofili 82% ni 4,920, uwiano 8.2. Mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 1 na 3.

Docta wa zamu: Naongeza: toa damu KABLA ya deksametazoni (steroidi ya kutuliza uvimbe). Dawa hiyo inasukuma nyutrofili kwenye damu na kushusha limfositi, basi uwiano utakueleza habari za dawa, si za ugonjwa.

Kwa mtu mzima, limfositi chini ya 1,000 ni onyo, ila mimi naogopa zaidi mteremko: 1,100 leo, 600 kesho kutwa. CRP inafaa kwa sababu interlekini-6 ndiyo inayoliamuru ini kuitoa. Lakini malaria na bakteria pia huipandisha, kwa hiyo TDR (kipimo cha haraka) ya malaria ifanywe siku hiyo hiyo. Mwenye VVU anaweza kuwa na limfositi chache tangu zamani. Watoto wadogo limfositi zao kwa kawaida hushinda nyutrofili. Usiwapime kwa namba hizi. Na mwenye SpO2 (oksijeni ya damu, kwa kipimo cha kidoleni) chini ya 90% awekewe oksijeni kwanza, majibu ya labo yatamkuta kitandani.

Labo_Bagira: Asante Docta. Na D-dimeri (mabaki ya damu iliyoganda), tukiipata?

Mulaborantini wa Ibanda: Tubo ya sitrati (nayo huzuia kuganda), kifuniko cha buluu, damu 9 kwa sitrati 1. Ikijaa nusu, sitrati imezidi na jibu litashuka kwa uongo. Itupe, chota upya mpaka kwenye alama.