Asilimia 80 ifikapo 2034: iwe sheria au ibaki mkakati?

Kizingiti: Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034. Lakini mkakati si sheria. Akija waziri na vipaumbele vyake, nani atamhoji? Bunge liiweke namba hiyo kwenye kifungu, pamoja na kiwango cha kila mwaka. Ukisubiri 2034 yenyewe, wahusika wote watakuwa wameshastaafu.

Ndizi Mzuzu: Marufuku ya kuni kwa taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ilitangazwa kwa mbwembwe. Pita nyuma ya majiko ya shule za bweni uone magogo. Na tusidanganyane, hakuna anayepika maharage kwa umeme bila kuilia LUKU, umeme wa kulipia kabla.

FundiVolti: Mkuu, hapo kwenye LUKU umeteleza. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa, kwenye jiko la presha la umeme la wati 1,000, haimalizi nusu uniti, maana presha ikishapanda jiko linajikata na kuwaka kwa vipindi. Mteja wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, analipa kama shilingi 356 kwa uniti, VAT na makato ya REA (wakala wa nishati vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) yakiwemo. Hiyo haifiki 180. Gesi je? Plate moja kwa moto wa wastani inakula kama gramu 150 kwa saa. Maharage ya saa mbili, sufuria ishirini tu, mtungi wa kilo 6 kwisha.

Ndizi Mzuzu: Siku hizi nani analoweka? Magadi yapo.

Bi Shungi: Magadi yanaua vitamini B1, mwanangu. Loweka kwa muda wa saa nane, mwaga maji yale, bandika na mapya. Na jiko la presha usilijaze kupita nusu. Maharage yanavimba, povu linaziba tundu la valvu.

Kizingiti: Jamani, tumetoka bungeni tumeingia kwenye sufuria! Angalieni jimbo la Massachusetts, Marekani. Sheria yao ya 2008 ilisema serikali *itatoa* kanuni za kushusha gesi joto mwaka hadi mwaka. Ilipozembea, vijana wanne na asasi za mazingira wakaenda mahakamani, na 2016 mahakama ya juu ya jimbo ikaamua kwamba "itatoa" maana yake ni lazima. Mkakati haukupi hiyo nafasi.

Ndizi Mzuzu: Massachusetts ndiko Boston, na Boston inaitwa mji wa maharage. Mfano umejichagulia mwenyewe, mkuu.

Kizingiti: Hoja ikikushinda unachekesha watu. Nimekuzoea.

Mwana Tanga: Kizingiti, tuliza munkari. Kenya hawakuhitaji kuandika lengo lolote ili kuwarudisha watu kwenye mkaa. VAT ya asilimia 16 kwenye gesi ilirudi Julai 2021, ikashushwa hadi 8 mwaka 2022, ikaondolewa 2023. Kilichomgusa mpishi kilikuwa kwenye sheria ya fedha. Weka namba yako kwenye kifungu, halafu Juni bajeti iitie kodi gesi, umefanya nini?

Kizingiti: Ndiyo maana kifungu kiseme kila muswada wa fedha upimwe dhidi ya lengo.

FundiVolti: Mnaruka la msingi. Bwawa la Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115, kwa hiyo umeme wa kupikia upo. Shida ni mwisho wa laini. Nyumba iliyo mbali na transfoma inapata volti 180 badala ya 230 saa moja jioni, wakati kila mtu anapika. Joto linafuata mraba wa volti, kwa hiyo jiko la wati 1,000 linabaki na kama 610. Presha inachelewa kupanda, jiko linachelewa kujikata, uniti zinakwenda. Mama wa D1, kundi la matumizi madogo ya nyumbani, ana uniti 75 kwa mwezi kwa bei ya shilingi 100 kila moja, kabla ya VAT na makato. Akizivuka, za ziada ni 350. Kabla ya asilimia 80, andikeni volti.

Bi Shungi: Na ekstensheni zile za waya mwembamba? Jiko la namna hiyo lichomekwe ukutani, soketi iliyovutiwa waya wa milimita za mraba 2.5.

Ndizi Mzuzu: Bi Shungi, saa nane ni za maji baridi. Ya moto je?

Bi Shungi: Yakichemka dakika mbili, zima, funika saa moja. Yanatosha.