Naomba ushauri: mate na dodoso za wanachuo, Tanga

Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga, nafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu msongo wa mawazo kwa wanachuo wakati wa mitihani. Natumia dodoso la PHQ-9, lile la dalili za sonona lenye maswali 9 na alama 0 hadi 27, pamoja na mate ya kupima kotisoli, homoni ya msongo.

Mate yananitoa jasho. Homoni hii hufika kileleni kama dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka, kwa hiyo muda ni muhimu, na mtu ateme kabla ya mswaki na chai ili visiharibu kipimo. Juzi nafika hosteli Chumbageni saa 12 na nusu asubuhi, kijana ananikabidhi kichupa, mkono wa pili kashika kitumbua! Nitupe sampuli hiyo?

Lakini kinachoninyima usingizi ni swali la 9, la mawazo ya kujidhuru. Mmoja kaweka tiki "karibu kila siku". Fomu zina namba tu, ila orodha ya majina ninayo mimi, na niliwaahidi siri. Fomu ya ridhaa haikugusia hali kama hii, kosa langu. Msimamizi hapokei simu. Kwangu uhai unatangulia siri, ila naanzaje? Nimfuate mwenyewe usiku huu, au nipitie kwa mshauri wa wanafunzi? Mliowahi kukutana na hili, nijibuni leo tafadhali.