Huipil za Wamaya wa Xela: michoro ilindwe kisheria au iachwe huru?

MLETA MADA

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja, maana linatugusa na sisi wenye vikoi na khanga.

Quetzaltenango, mji ambao wenyeji huuita Xela, uko nyanda za juu magharibi mwa Guatemala, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, karibu na volkano ya Santa María. Ni makao makuu ya mkoa, na ni ngome ya Wak'iche', mojawapo ya jamii kubwa za Wamaya, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Mwaka 1995 ndipo wakazi walipomchagua Mmaya kuwa meya wao kwa mara ya kwanza, Rigoberto Quemé Chay. Wanawake wengi huko bado wanavaa huipil, vazi la juu la vipande vilivyounganishwa kwa mshono mpana wa kudarizi, pamoja na sketi nzito iitwayo corte.

Tazama jinsi huipil ya mkono inavyofumwa. Mwanamke anapiga magoti, mshipi umemzunguka kiunoni, ncha ya pili ya mtande, yaani nyuzi za urefu, imefungwa kwenye nguzo au mti. Akiegemea nyuma nyuzi zinakaza, akisogea mbele zinalegea. Hana karatasi yenye mchoro mbele yake. Ndege, nyota na vilima vyote anavihesabu uzi kwa uzi, na kila safu anapitisha mshindio, uzi wa kukatiza, na kuugonga kwa ubao. Huipil moja yenye kazi nyingi inaweza kumchukua miezi.

Sasa kuna watu wanaipiga picha, wanaichapa kwa mashine juu ya polista, na kuiuza kwa sehemu ndogo ya bei ile. Wengine wananunua huipil kuukuu kwa bei ya kutupa, wanazikata kutengeneza mikoba ya watalii. Aliyefuma hapati kitu, na kijiji chake hakitajwi.

Mwaka 2016 wafumaji, wakiongozwa na chama cha wanawake cha AFEDES kutoka Sacatepéquez, walikwenda Mahakama ya Katiba wakisema sheria za nchi haziwalindi. Baadaye muswada namba 5247 ukafikishwa bungeni, ukitaka jamii za Wamaya zitambuliwe kuwa wamiliki wa pamoja wa michoro yao. Mimi nauunga mkono. Karibuni.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, nakupinga, na nitatumia mfano wako mwenyewe. Khanga imechapwa India, imechapwa Uholanzi, imechapwa Japani, leo inachapwa China. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, yule wa "Mali ya Abdulla", alikuwa anaagiza kutoka nje. Kiwanda cha Urafiki pale Dar es Salaam kimechapa pia. Je, khanga imeacha kuwa yetu? Mama yangu hajawahi kuuliza mashine iko wapi. Anauliza jina lililoandikwa. Utamaduni unaishi kwa kuvaliwa, na bei ikishuka wavaaji wanaongezeka. Mkiifungia michoro hakimiliki, mnaipeleka makumbusho.

MLETA MADA

Hoja nzuri, lakini khanga ilizaliwa ikiwa nguo ya kuchapwa. Hakuna mfumaji aliyenyang'anywa ajira ilipofika kutoka kiwandani. Mfano wa karibu zaidi ni kikoi. Kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili jina "Kikoy" kuwa alama yake ya biashara, Wakenya na marafiki zao wakapinga, na mwaka 2008 ombi likaachwa. Siku ile hatukusema utamaduni uachwe huru. Tulisema jina hili lina wenyewe.

MCHANGIAJI WA PILI

Naomba niwasemee wale ambao hamjawataja. Mwanamke Mmaya anayefanya kazi za ndani mjini ana mabinti watatu. Anataka wavae kama bibi yao siku ya sherehe. Huipil ya mkono hawezi kuinunua hata akijinyima mwaka mzima. Ile ya kuchapwa anaimudu. Sheria yenu ikiiondoa sokoni, wale watoto hawatavaa ya mkono. Watavaa jinzi na fulana za mitumba. Mmelinda nini?

La pili, mleta mada anaongea kana kwamba mwizi ni mgeni siku zote. Xela ina matajiri wa Kik'iche' tangu zamani, wafanyabiashara wa nguo na nyuzi, wenye chama chao cha El Adelanto tangu mwaka 1894. Kitanda kikubwa cha mfumi kinachokanyagwa kwa miguu kililetwa na Wahispania, na kwa kawaida wanaokitumia ni wanaume. Corte nyingi zinafumwa juu ya kitanda hicho. Salcajá, jirani tu na Xela, nyuzi zinafungwa vifundo kabla ya kutiwa rangi ili mchoro ujitokeze wakati wa kufuma, na hiyo ni biashara ya watu wengi. Sasa mfanyabiashara Mk'iche' akinunua mashine ya kuchapa, utamshitaki kwa kuiba mali ya kabila lake mwenyewe?

MLETA MADA

Hapa umenigusa penyewe, nami nitajibu kwa urefu kidogo.

Kuhusu yule mama na mabinti zake, simgusi. Sheria isimfuate mvaaji hata siku moja. Vazi hili limeshawaponza watu vya kutosha. Kila mji una huipil yake, anayejua akiiona anajua umetoka wapi. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1960 hadi 1996 wanawake waliokimbia walivua nguo zao ili wasitambulike. Vita vikaisha, dharau ikabaki. Mwaka 2002 Irma Alicia Velásquez Nimatuj, mwanaanthropolojia Mk'iche' wa Xela, alizuiwa kuingia kwenye baa moja ya Jiji la Guatemala kwa sababu ya vazi lake. Mwaka huohuo ubaguzi ukaandikwa kwenye sheria ya jinai kuwa kosa. Na Katiba ya mwaka 1985, ibara ya 66, ilikuwa tayari imesema Serikali inatambua na kuheshimu vazi la Wamaya! Ndiyo maana mchoro uleule ukigeuka pambo la mkoba wa duka la kifahari, huku aliyeufuma akizuiwa mlangoni, mimi siwezi kuiita hiyo biashara huria.

Kuhusu tajiri Mk'iche', ndiyo, naye alipe. Umiliki wa pamoja hauna maana kwamba kila mmoja achukue anavyotaka. Msitu wa kijiji ni wa wote, lakini anayeingia na msumeno kukata magogo ya kuuza anaomba kibali kwa wenzake. Na kitanda cha miguu kuletwa na Mhispania hakufuti kitu. Miaka karibu 500 ya mikono ya watu imeingia pale.

Haya mambo yanawezekana. Panama ilipitisha Sheria namba 20 mwaka 2000, na Waguna, wenyeji wa asili wa huko, wakapata njia ya kusajili vitambaa vyao vya kushonwa viitwavyo mola kama haki ya pamoja. Meksiko ikafuata mwaka 2022.

MCHANGIAJI WA TATU

Kenya tuna sheria ya kulinda maarifa ya jadi tangu 2016. Kuandika sheria si kazi. Swali langu ni nani anatia sahihi. Mchoro wa nyota unapatikana vijiji vingapi huko nyanda za juu? Kampuni ikija na hela, itatafuta mzee mmoja mwenye njaa ya kutia sahihi, na wanawake wanaofuma watasikia redioni. Wafumaji ni wanawake, viongozi wanaoalikwa mezani mara nyingi ni wanaume. Hilo msipoliandika kwenye kifungu cha kwanza, sheria yote ni ya kina baba.

MLETA MADA

Nakubaliana nawe moja kwa moja. Mabaraza yawe ya wafumaji wenyewe, kila mji na lake, na mchoro unaopatikana miji mingi usimamiwe kwa pamoja.

MCHANGIAJI WA PILI

Basi mimi ningeanza na lebo. Iandikwe wazi: imefumwa kwa mkono, imefumwa kiwandani, au imechapwa, na mji ambao mchoro umetoka. Anayeuza ya kuchapwa kwa jina la kufumwa atozwe faini. Hapo yule mama ataendelea kununua ya bei nafuu akijua anachonunua, na mtalii ataacha kudanganywa. Kwenye mrabaha, yaani malipo ya kutumia mchoro, bado sijashawishika, kwa sababu nikiwa mwenye mashine nitaupandisha juu ya bei, na atakayeulipa ni mama huyohuyo. Mleta mada nionyeshe jinsi ya kumtoza mwenye duka la mikoba bila kumtoza yeye, nami nitahamia upande wako.