Nimeuziwa koilova nne, kila moja na ukoo wake. Altezza yangu inadunda kama kitenesi

Wakuu salaam. Leo mnivumilie, natema nyongo. Duka sitalitaja, mtaa sitautaja, kwa hiyo mods msiufunge uzi. Ila mwenye duka akipita hapa atajijua.

Nina Toyota Altezza RS200 ya 2001, gia sita za mkono, injini ya 3S-GE Beams. Nimeihangaikia miaka minne mpaka nikaipata, na aliyeniuzia alikuwa hajaichezea kabisa. Ilikuwa na shokapu zake na springi zake za kiwandani. Tatizo lilikuwa moja: kona za kasi gari linalala, na ukipita shimo kuna mlio wa "ko ko ko" mbele kulia. Mimi kwa akili zangu nikaamua shokapu zimekufa. Na kama ni kubadilisha, si bora niweke koilova kabisa, yaani shokapu na springi kwa pamoja za kurekebisha kimo, niwe na gari la spoti la kweli?

Nikaenda dukani. Jamaa amevaa fulana ya kampuni kubwa ya Kijapani, ukutani picha za magari yamekaa chini mpaka tairi hazionekani. Akanitolea seti. Inang'aa, zambarau juu, nyeusi chini. "Braza, hii fulu tap. Klik thelathini. Ukitaka ngumu unakaza, ukitaka laini unalegeza. Imetoka Japani, haijatembea." Nikamuuliza springi ni kilo ngapi. Akasema "kumi na mbili, sita na kumi, inategemea," akacheka, na mimi mjinga nikacheka naye.

Milioni moja na laki tisa. Akanikata laki mbili kwa sharti nimwachie shokapu na springi zangu orijino, "maana hutazihitaji tena". Risiti? Kikaratasi cha daftari. Alisema ya mashine inaongezeka laki tatu. TRA, watu wa kodi, wanatuimbia kila siku ukinunua dai risiti, na mimi mtu mzima na ndevu zangu nikaona nimeokoa laki tatu.

Walifunga wenyewe, kazi ya masaa mawili na nusu imeisha. Usiku ule nikapita Daraja la Tanzanite, lami kama meza, nikasema hapa sasa naendesha gari. Nikapiga picha Coco. Mlioniwekea moto kwenye ile picha nawashukuru, mlikuwa mnashangilia msiba.

Kwa sababu mimi nakaa Goba. Barabara ya kuingia kwangu mvua ikinyesha ina mifereji ya kulaza mbuzi. Siku ya pili tu nilishuka kwangu kwa mwendo wa bibi harusi na bado bampa ikabeba udongo. Nikajipa moyo: ndiyo raha ya spoti, vumilia. Nikalegeza klik zote thelathini. Hakuna kilichobadilika. Nikakaza zote. Hakuna kilichobadilika. Nikadhani ni mimi sina hisia za udereva.

Mwezi wa tatu tangu zifungwe nikampeleka mama Morogoro. Wanaoijua njia ile wanajua kero yake si mashimo, ni matuta na rasta, zile ndogo ndogo za mfululizo kila penye kijiji. Kwenye kila rasta gari lilikuwa linatetemeka mpaka kioo cha ndani kinageuka chenyewe kuniangalia. Lori la kwenda Zambia likanipita kwenye tuta. Lori, wakuu, na kontena juu! Mama alinyamaza mpaka Mlandizi, halafu akaniuliza kwa upole kabisa: "Baba, hili gari springi wameweka kweli?"

Mbele ya Chalinze ndipo nilipoogopa. Kona ya kawaida, mwendo themanini, katikati ya kona kuna kiungo cha lami kilichoinuka kidogo. Gari likagonga, nyuma ikaruka pembeni kama nusu mita, ikatua. Mama akasema "Yesu!" mimi sikusema kitu. Nikaendesha hamsini mpaka Morogoro mjini.

Niliporudi nikapeleka gari kwa mzee mmoja fundi wa Tabata. Hana duka, hana fulana, ana jeki mbili na mti wa mwembe. Akalizunguka, akabonyeza bodi kila kona kwa magoti, akaguna. Akatoa tairi za mbele. Upande wa nje tairi mpya kabisa, upande wa ndani nyuzi zinaonekana! Miezi mitatu. Akachukua tambara, akalichovya kwenye petroli, akafuta springi ya kulia. Chini ya rangi nyeusi zikatokea namba: 62-180-10. Akahamia kushoto, akafuta. 62-200-08.

"Mwanangu," akasema, "hawa si ndugu."

Kwa wasiojua kama nilivyokuwa sijui: springi nyingi za koilova zimepigwa namba. Ya kwanza ni kipenyo cha ndani kwa milimita, ya pili urefu wake, ya mwisho ni ugumu, yaani kilo ngapi zinaibonyeza milimita moja. Yangu ya kulia inahitaji kilo 10 kwa kila milimita na ni fupi, ya kushoto kilo 8 na ni ndefu. Wakapandisha kikombe kinachobeba springi upande mmoja na kushusha wa pili mpaka gari likasimama sawa kwa macho. Halafu wakapiga rangi ya kopo juu ya kila kitu, mpaka kwenye nyuzi za kuzungushia vikombe, ndiyo maana vilikuwa havizunguki hata kwa nyundo.

Nyuma springi zilikuwa pacha, afadhali. Ila shokapu ya kushoto ilikuwa imevuja, mafuta yameshikana na vumbi kama masizi ya chini ya sufuria. Mzee akaitoa, akaisimamisha mezani, akasukuma fito kwa kiganja. Ikazama. Akaondoa mkono. Haikurudi. Shokapu ya gesi iliyo nzima ukiiachia inapanda yenyewe. Hii ilikaa chini pale kama mtu aliyekataa kuamka. Hizo ndizo klik zangu thelathini. Nilikuwa nakaza na kulegeza kitasa cha bomba tupu.

Na ile "fulu tap"? Mnaouza mnalitumia hili neno kama kachumbari, kila sahani mnaweka. Fulu tap maana yake unashusha gari kwa kuzungusha mguu wa chini wa shokapu, springi inabaki ilivyo, na nafasi ya fito kusafiri juu na chini inabaki ilivyo. Yangu mguu wa chini umechomelewa. Ukishusha, unashusha kikombe cha springi tu, na kila sentimita unayoshusha unaila kwenye safari ya shokapu. Nikiwa nimeegesha tu, fito ilikuwa imebakiza vidole viwili kugusa mpira wa kizuizi. Pale Chalinze iligusa katikati ya kona. Mpira ukigusa, ugumu wa upande ule unapanda ghafla mara kadhaa, tairi inapoteza mshiko. Si dereva mbovu, wakuu. Gari liliishiwa nafasi.

Bado kuna la ufungaji. Bushi za mikono, yaani wishiboni, ni mpira uliogandishwa kati ya vyuma viwili. Boliti zake zinakazwa gari likiwa limesimama kwa tairi zake, kwenye kimo chake cha kila siku. Vijana wa duka walikaza gari likiwa linaning'inia kwenye jeki. Liliposhuka, kila bushi ikawa imejisokota na inabaki imejisokota siku nzima. Mbili zimechanika. Na ule mlio wa "ko ko ko" ulionipeleka dukani tangu mwanzo? Bushi ya chini mbele kulia, ilikuwa imekwisha kitambo. Mzee akanionyesha, ukitia bisibisi inacheza kama jino la mtoto. Gari la miaka zaidi ya ishirini mimi nikanunua koilova badala ya mipira ya elfu themanini!

Sasa nageukia humu ndani, maana na ninyi mna dhambi. Kabla ya kununua niliuliza kwenye uzi mmoja hapa. Majibu: "weka koilova mkuu usiwe mzee", "laini ni ya teksi", "Subaru yangu ina kilo 8 iko poa, weka 8". Hakuna hata mmoja aliyeniuliza gari linapita wapi. Na muuzaji naye hakuniuliza. Ninakaa wapi, nabeba nani, matuta mangapi kwa siku, tairi zangu za mwaka gani. Daktari wa ng'ombe anauliza maswali mengi kuliko hayo.

Hili la kilo 8 za Subaru lichukueni taratibu, limeniuma. Impreza mbele ana strati, shokapu imesimama karibu na tairi, tairi ikipanda milimita kumi shokapu nayo inajibonyeza karibu kumi. Altezza ni wishiboni mbili mbele na nyuma, shokapu inashika kwenye mkono, mbali kidogo na tairi, inajibonyeza kidogo kuliko tairi. Tuseme tairi ikipanda kumi shokapu inaingia saba. Basi springi ya kilo 10 tairini inahisiwa kama kilo 4.9, kwa sababu unazidisha 0.7 mara mbili, mara moja kwa nguvu na mara moja kwa umbali. Kwa hiyo namba ya mshikaji wa Subaru haihami kuja kwangu. Na kwa haki kabisa, yule muuzaji angeniwekea springi nne zinazofanana za kilo kumi na mbili zenye shokapu za kuzimudu, huenda nisingekuwa hapa nalia. Ugumu peke yake haukuniua. Kilichoniua ni springi ngumu juu ya shokapu isiyoweza kuizuia kurudi: inabonyea, inaruka, inabonyea, inaruka. Ndiyo kitenesi.

Na tairi kuliwa ndani, msiniambie "ni kemba hiyo, kawaida ya gari la chini". Kuinama kwa tairi, ndiyo kemba, kunachangia, ndiyo, ukishusha gari la wishiboni tairi zinaingia ndani juu. Ila kinachokula tairi miezi mitatu ni pua za tairi kutazama nje, yaani tou ya nje. Ukibadilisha kimo chochote ni lazima ukapange tairi upya kwenye mashine, siku hiyo hiyo au wiki hiyo. Duka halikupanga. Nilipouliza waliniambia "usukani umenyooka, imekaa".

Hali ilivyo sasa: gari liko juu ya mawe Tabata. Bushi mpya za mbele zimefika, za Lexus IS200 zinaingia bila maneno kwa kuwa ni gari moja lenye majina mawili. Tairi nimepata nne, nimesoma ile tarehe ya ubavuni kwanza, tarakimu nne, wiki na mwaka, safari hii sikununua za 2016. Shokapu mzee anataka niweke za kawaida za KYB zenye kimo cha kiwandani, nitembee miezi sita, halafu niseme kama bado gari linalala. Zamani ningemwona mshamba. Usiku nasoma koilova za Tein Flex Z zenye hatua 16 na BC zenye hatua 30 na KW V3 inayotenganisha kubonyea na kurudi, najikuta narudi kwenye swali lake: "Kwanza umelisikia gari lenyewe likiwa zima?" Sijawahi. Nililinunua bovu, nikalivunja zaidi.

Mnaosema nirudishe: nilirudi. Mara ya kwanza "mwenyewe kasafiri". Mara ya pili "mzigo wa mtumba hauna warranti", wakati siku ya kuuza ulikuwa haujatembea. Mara ya tatu kijana akaniuliza kama ninayo risiti. Mimi nikaangalia kile kikaratasi cha daftari, nikakikunja, nikakirudisha mfukoni.

NYONGEZA, saa nne usiku: jamaa wa duka kanitumia ujumbe wa sauti, naona uzi umemfikia. Anasema yuko tayari kunibadilishia springi moja, ya kushoto, "ili ziwe pacha", nilipie ufundi tu. Nikamwambia sitaki springi, nataka zangu orijino alizozichukua kwa laki mbili. Akasema zimeuzwa, hajui kwa nani.

Kwa hiyo naomba: kama kuna mtu amenunua springi na shokapu orijino za SXE10, yaani Altezza kama yangu, hapa Dar kati ya mwezi wa tano na sasa, aangalie springi ya nyuma kushoto. Chini, mzunguko wa pili, kuna doa la rangi nyeupe. Nililipaka mwenyewe kwa kutipeksi. Nipo PM, nanunua kwa bei uliyonunulia na ya bia juu.