Naomba ushauri: mama kakosea namba, kila akipiga anajibiwa na mashine

Wakuu, habari zenu. Mama yangu anauza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma. Juzi alituma 80,000 kwa namba isiyo sahihi. Akipiga huduma kwa wateja anapokelewa na sauti ya mashine: bonyeza 1, bonyeza 2. Kabla hajaitoa simu sikioni atafute kitufe, inaanza upya. Jana nimemkuta amekalia ndoo, simu mkononi, analia. Hela inauma, ila kilichomvunja nguvu ni kukosa hata mtu wa kumwambia pole. Usiku halali.

Najua kampuni ya simu isipokusikiliza unaweza kulalamika TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Aliyewahi kufika huko, walikudai vielelezo gani? Na mhudumu mwenyewe anapatikanaje?