MREJESHO: Darasa la kujitolea Tandahimba, watoto wanakuja

Habari zenu ndugu zangu. Niliwaomba ushauri: sisi wanachuo tuliopo likizo hapa Tandahimba, mkoani Mtwara, tunawafundisha kidato cha pili bure, ila korosho zilipoanza kudondoka darasa likabaki tupu. Mkaniambia niwafuate wazazi.

Nimewafuata, nikiongozana na mtendaji wa kijiji. Tuliwakuta chini ya mikorosho, wanatenganisha korosho na mabibo, yale matunda yake. Mzee mmoja akanijibu, "Mjukuu wangu, shule hatuikatai. Korosho ikilala chini ikanyeshewa, daraja la ubora linashuka."

Ana haki kabisa. Tumehamishia vipindi baada ya alasiri, na mabinti wanaondoka pamoja kabla ya magharibi. Hesabu tunafanyia stakabadhi za ghalani, yaani karatasi za korosho zilizopokelewa ghalani: kilo, bei ya mnada, makato ya ushirika. Siku ya somo la makato hata kina mama walisogea kusikiliza, na mimi naona hilo ndilo la maana kuliko yote.

Kiingereza bado kigumu. Vyuo vinafunguliwa karibuni, vijana waliomaliza kidato cha sita watatupokea kazi hii ya kufundisha. Mwenye mitihani ya zamani ya kidato cha pili, hasa hisabati, naomba anitumie. Asanteni sana.